Gide ao bila gide? Familia moja ya Kisale mbele ya makumbusho ya Lubumbashi

LUBUMBASHI – Karatasi ilitoka shuleni siku ya Jumatatu, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu. Darasa la sita litatembelea Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi Jumamosi ya juma linalofuata. Mzazi achague: kiingilio peke yake, ao kiingilio pamoja na gide, yaani mtu wa kutembeza watoto na kuwaelezea. Mzazi anayetaka kusindikiza anaruhusiwa, naye alipe. Majibu yarudi kabla ya Ijumaa, kwa sababu mwalimu anataka kumuomba gide mapema.

Mama aliyeipokea anakaa Katuba, ndani ya lupango lenye nyumba ndogo tano na bomba moja. Ana watoto wanne, mume anayebeba simenti kwenye majengo, na baba mkwe aliyepita miaka 75 ambaye jicho lake la kushoto halioni tena. Walitoka ukingo wa ziwa Kisale, upande wa Kinkondja, mwaka ule maji ya Lualaba yalipopanda mpaka juu ya vitanda na kukataa kushuka. Majirani zao katika lupango hilo walikimbia kitu kingine. Familia mbili zilitoka Mitwaba na moja Pweto, na zote tatu zilikimbia bunduki. Jioni kuna utani juu ya jambo hilo. Wale wa vita wanasema wale wa maji si wahami wa kweli, maana maji hayapigi risasi. Wale wa maji wanajibu kwamba risasi inapita, lakini maji yanalala kwako.

Mama huyo anauza samaki wa kukaushwa katika soko la Kenya, ile komine ya hapa hapa Lubumbashi. Samaki wenyewe wanatoka kwao. Wanapanda bwato mpaka Bukama, halafu gari la moshi ao lori mpaka huku. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na njia ya samaki haijabadilika sana tangu hapo. Kwa hiyo yeye anajua kuhesabu. Alihesabu kiingilio cha binti yake mkubwa, kiingilio cha mtu mzima mmoja, sehemu yao ya pesa ya gide, basi ya kwenda na kurudi. Jumla ilikuwa unga wa siku nne. Bila gide, unga wa siku mbili na nusu. Bila kwenda kabisa, hakuna hesabu.

Mume alisoma karatasi akiwa bado na vumbi la simenti kwenye nyusi. Hakukasirika. Alisema tu kwamba batoto wanapaswa kula mbele, na kwamba gide ni mtu wa kulipwa kwa kusema maneno ambayo yamekwisha kuandikwa ukutani. Alikuwa na sababu yake. Miaka ya nyuma, kabla ya ndoa, alikwenda na wenzake wa kazi kutembelea sehemu fulani ya kihistoria, si hapa mjini. Walichanga, wakalipa mtu wa kuwaongoza. Mtu huyo alitembea mbele yao kama anafukuzwa, akaongea Kifaransa cha haraka, akataja wafalme na miaka bila kupumua, na baada ya dakika ishirini akanyoosha mkono kuomba kitu cha soda. Wenzake walicheka njia nzima ya kurudi. Yeye hakucheka, maana pesa ile alikuwa ameikopa.

Jirani kutoka Pweto naye alikuwa na neno lake. Alimuuliza mama huyo kwa nini alipe ili kuona vyungu na majembe ya zamani, wakati vyungu vya mama yake mzazi vimebaki Pweto, vimevunjwa na watu waliolala ndani ya nyumba yake. Jirani mwingine alileta mambo ya kanisa: huko ndani kuna sanamu, na sanamu ni sanamu hata nyuma ya kioo. Katika lupango lenye bomba moja, karatasi ya shule haiwezi kuwa siri ya nyumba moja.

Lakini mama huyo alikuwa ameona kitu kingine ndani ya lile daftari. Juma moja kabla, watoto waliambiwa waandike mambo matatu ya kale ya kwao. Watoto wa mjini waliandika juu ya Msiri na Bunkeya, juu ya mji kuanzishwa mwaka 1910, juu ya bomba kubwa la kiwanda na mlima wa takataka ya shaba ambao kila mtoto wa Lubumbashi anauchora kabla ya kujua kuandika jina lake. Binti yake aliandika mstari mmoja: kwetu hakuna vya kale, kuko maji na mbu. Mwalimu aliweka alama nyekundu, bila neno. Mama aliusoma mstari huo mara mbili, akafunga daftari. Hakumwambia mume.

Siku ya Jumanne, sokoni, alimuuliza mteja wake mmoja, kijana anayesoma historia kwenye chuo kikuu cha hapa, ambaye kila mara ananunua samaki wawili na kulipa mmoja. Alimuuliza kama kweli ndani ya makumbusho kuna kitu cha maana ao ni masanamu tu. Kijana alimuuliza yeye anatoka wapi. Alipojibu Kisale, kijana aliweka samaki chini.

“Mama, mbona vitu vya kwenu njo viko mule! Sanga.”

“Sanga gani? Ile ya kwetu?”

Ile ya kwao. Kijijini Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, mwaka 1957 mtafiti Mbelgiji Jacques Nenquin alichimba makaburi ya watu wa kale. Mwaka 1958 akafuata Jean Hiernaux, na mwaka 1974, nchi ikiitwa Zaire, Pierre de Maret akarudi kuchimba tena kwa uangalifu zaidi. Walichokuta ni moja ya makaburi makubwa ya kale yanayojulikana katika Afrika ya kati. Watu walizikwa pale, kizazi juu ya kizazi, kuanzia karne ya 8 hivi mpaka karne ya 18. Kijana alihesabu kwa vidole: makaburi ya kwanza yalikuwa na miaka zaidi ya 700 tayari wakati Mreno wa kwanza alipofika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482.

Na wafu hawakuzikwa mikono mitupu. Kulikuwa na vyungu vizuri ambavyo havikuwahi kupikiwa, vilivyofinyangwa kwa ajili ya kaburi tu. Kulikuwa na majembe ya chuma, mashoka ya heshima, bangili za pembe za ndovu, minyororo midogo ya shaba iliyosukwa kama uzi. Kulikuwa hata na kauri chache za bahari ya Hindi, zilizofika mpaka kwenye matete ya Kisale kwa kupita mkono kwa mkono, mamia ya miaka kabla ya msafara wowote wa wafanyabiashara wa Pwani kuandikwa katika kitabu. Katika makaburi ya nyakati za mbele zaidi kuna misalaba ya shaba, ile ambayo kila mtu wa Katanga anaijua kwa sababu iliwekwa kwenye bendera ya mwaka 1960. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache, baadaye midogo na mingi, ya ukubwa unaofanana, kwa sababu ilikuwa imekuwa pesa.

Kisale hakuna shaba. Shaba ilitoka huku kusini, kwenye udongo wa machimbo, mbali kilometa mamia. Mama huyo alilielewa jambo hilo kuliko wanafunzi wengi, maana yeye mwenyewe amefanya njia hiyo, ila kwa kushuka. Kwao walikuwa na samaki, huku walikuwa na shaba, na watu walikuwa wanakutana katikati kwa biashara. Alimwambia kijana achukue samaki wake, asilipe hata mmoja.

Usiku alirudia habari hiyo nyumbani wakati wa kula bukari. Watoto walisikiliza. Mume alisikiliza akijifanya hasikilizi. Lakini mzee, aliposikia neno Sanga, aliosha mkono wake kabla ya kushiba, akasogeza kiti mpaka mlangoni. Mama alifikiri ni tumbo. Alipomuuliza kama angependa kuwasindikiza watoto, kwa sababu vitu ni vya kwao, mzee alijibu maneno mawili: “Mimi siendi.”

Kama habari ingeishia hapo, uamuzi ungekuwa rahisi. Mtoto angeingia bila gide, mama angesoma maandishi ya ukutani pale alipoweza, na unga wa siku moja na nusu ungebaki ndani ya nyumba. Familia nyingi hufanya hivyo, na si kosa. Mtu ambaye ana macho na muda anaweza kuona mengi peke yake, tena bila kusukumwa. Kuna vitu ambavyo havihitaji maneno: mtoto akisimama mbele ya jembe la chuma la miaka 1000, analijua ni jembe.

Mzee ndiye aliyekataa kulala. Siku ya Jumatano, usiku sana, mama huyo alimkuta ameketi nje karibu na mbabula iliyokwisha kuzimika. Akaketi naye. Na pale, bila kuulizwa, baba mkwe alimsimulia jambo ambalo hata mwanaye wa kumzaa hakuwa amelisikia.

Miaka miwili kabla ya Uhuru, baba yake mzazi aliandikwa kazi na wazungu waliokuja kuchimba Sanga. Malipo yalikuwa mazuri kuliko nyavu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, kazi yake kuwapelekea wachimbaji maji ya kunywa. Aliona mifupa ikitoka polepole, kwa brashi, si kwa jembe. Aliona vyungu vikipangwa juu ya mkeka na kuandikwa namba. Watu wa kijiji walikuwa wanasema wale si wazee wetu, ni watu wa zamani sana, hatuwajui, na kwa kusema hivyo walifanya kazi bila hofu. Mpaka siku moja lilifunguliwa kaburi fupi. Ndani yake vyungu vilikuwa vidogo, vya kuingia katika kiganja. Yeye alifikiri ni vya kuchezea, akanyoosha mkono. Baba yake alimpiga mkono ule. Akamwambia kwamba vile si vya mchezo, ni chakula cha njia, na mtoto mdogo anapewa chungu kidogo ili aweze kukibeba.

Kijana wa chuo alikuwa amemwambia mama huyo jambo hilo hilo kwa maneno ya shule: katika makaburi ya Sanga, ukubwa wa vyungu unafuata umri wa marehemu. Yeye alikuwa amelisikia kama habari ya kitabu. Sasa alilisikia mara ya pili, kutoka kwa mtu aliyeuona mkeka.

Siku iliyofuata, baba wa mzee hakurudi kazini. Alipoteza malipo ya majuma mawili ambayo hakwenda kuyadai. Na katika masika yale yale mdogo wake mzee, mtoto wa miaka mitatu, alikufa kwa homa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya Sanga. Lakini, mzee alisema, hakuna hata aliyesema si kwa sababu ya Sanga. Tangu hapo, familia ilipokuwa inapita kwa bwato karibu na mahali pale, watu walinyamaza mpaka wapite.

Mama huyo hakujua la kujibu. Alimuuliza tu kama anaogopa kwamba vyungu vile viko ndani ya makumbusho.

Mzee alisema hapana. Anachoogopa ni kwamba havipo. Vingine vilipelekwa Ubelgiji, hilo alilisikia wakati ule ule. Kama viko hapa, vizuri. Kama viko Ulaya, angependa kujua. Kama vilivunjika njiani, angependa kujua pia. Kwa miaka yote hii amekuwa akijiuliza chakula cha mtoto yule kilikwenda wapi, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Hapo ndipo hesabu ya unga ilipobadilika. Maandishi ya ukutani hayaulizwi swali. Yanasema yaliyoandikwa, yananyamaza. Kioo nacho hakiulizwi. Ikiwa mzee huyu ataingia mule ndani, lazima awepo mtu mwenye mdomo, aliyejifunza vitu vile vimetoka wapi na vingine viko wapi, na ambaye akiwa hajui, atasema hajui ao atamuuliza mkubwa wake. Mtu wa namna hiyo anaitwa gide, na analipwa.

Asubuhi, mume aliposikia kwamba sasa zinahitajika pesa za watu watatu, alirudia neno lake: kwa nini kumlipa mtu kwa kusema? Safari hii aliyemjibu ni baba yake. Alimkumbusha lukasa. Vijana wengi wa Kiluba wa mjini hawajawahi kuiona hata kwa picha. Ni ubao mdogo wa mti, wa kushikwa kwa mkono, umejaa shanga na makombe yaliyopangwa. Watu wa Mbudye, chama cha walinzi wa kumbukumbu katika utawala wa Waluba, walikuwa wanaushika kwa mkono mmoja na kupitisha kidole cha mkono mwingine juu ya shanga, wakisimulia: Nkongolo, Mbidi Kiluwe, Kalala Ilunga, njia za safari, mahali pa maziko ya wafalme. Mtu asiyefundishwa akiushika anaona shanga tu. Na hata waliofundishwa hawakusimulia sawasawa. Kila mmoja alisimulia kwa kumtazama anayesikiliza. Wazee walikuwa na ubao wenyewe nyumbani, mzee alisema, na bado walimwita mtu wa kuusoma.

Mume alinyamaza. Halafu akasema jambo la akili, ambalo wazazi wengi wangefaidika nalo: kama ni kulipa, tuulize kwanza tunalipia nini. Hataki yule wa dakika ishirini.

Kwa hiyo mama huyo alikwenda shuleni Alhamisi asubuhi, kabla ya soko, akiwa bado na harufu ya samaki. Alimwomba mwalimu aulize mambo machache wakati wa kumuomba gide. Ataelezea kwa Kiswahili, ao kwa Kifaransa peke yake? Watoto wangapi watamfuata kwa mara moja, maana mtoto wa nyuma kwenye kundi la sitini anaona migongo tu? Wana muda gani? Mzee asiyeona vizuri anaweza kuketi mahali? Na la mwisho, alilolisema kwa aibu kidogo: kuna mtu katika familia yao anayetoka mahali vitu hivyo vilipochimbwa, je, anaweza kuuliza, na akitaka, kusema?

Mwalimu aliandika yote nyuma ya daftari lake. Hakuwa amefikiria hata moja, na alikubali hivyo bila kujitetea, jambo ambalo si la kila siku. Ijumaa alileta majibu. Kiswahili, ndiyo. Darasa litagawanywa mara mbili, kundi moja likiwa ndani, lingine nje na mwalimu msaidizi. Mzee atakaribishwa. Gide ameomba aletwe karibu naye, mbele ya kundi.

Kuhusu pesa, msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Mama wa Pweto, yule yule wa vyungu vilivyovunjwa, ndiye mwenye zamu ya likelemba juma lile. Alitoa sehemu ya pesa zake kwa mkopo, kwa sharti moja: mtoto wake naye aende, maana yuko darasa moja na yule binti. Jirani wa kanisa hakubadili mawazo yake. Alikataa kwa mtoto wake, na hakuna aliyemsumbua.

Jumamosi mzee alivaa koti. Kwenye basi alishika fimbo kwa mikono miwili na hakusema kitu. Gide alikuwa kijana mwenye sauti ndogo, na alifanya kitu ambacho mama huyo alikipenda mara moja: kabla ya kuanza, aliwauliza watoto wanatoka wapi. Likasi, Kamina, Kasenga, Pweto, wengine hapa hapa. Binti alipofikiwa alisita, halafu akasema Kisale. Gide akamwambia, basi leo utanisaidia.

Mbele ya vyungu vya Sanga watoto walinyamaza kidogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu walikuwa na njaa na mmoja alikuwa amekanyaga mwenzake. Gide aliwaonyesha kitu cha udongo kilichokuwa na pembe tatu juu, akawauliza ni nini. Mmoja akasema kofia. Mwingine akasema taji. Mzee aliegemea kioo kwa jicho lake zima, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

“Ile ni mbabula. Ya ku bwato.”

Akaeleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiluba, namna mvuvi anayelala juu ya maji siku tatu anavyoiweka katikati ya bwato, makala chini, chungu juu ya pembe tatu, ili mti usiungue na chungu kisianguke maji yakitikisika. Yeye mwenyewe amepikia kwenye kitu kama hicho. Gide alisema ndivyo na watafiti walivyoelewa, kwa kuwatazama wavuvi wa leo, halafu akamuuliza mzee kila sehemu inaitwaje kwa lugha ya kwao. Aliandika kwenye simu yake. Watoto walimtazama mzee kwa namna nyingine. Binti alitoa daftari na kuandika naye, akiuliza herufi.

Walipita kwenye misalaba ya shaba, kwenye mashoka, kwenye vinyago. Muda wa kundi lao ulipokwisha, gide aliuliza kama kuna mwenye swali. Mtoto wa Pweto aliuliza kama vitu vya vijiji vilivyochomwa leo navyo vitawekwa humu siku moja. Gide alifikiri kwanza. Alijibu kwamba lazima mtu avikusanye, na kwamba aulize nyumbani kama kuna kitu walichokimbia nacho. Mama huyo alimtazama baba mkwe wake. Mzee alikuwa anatazama sakafu. Hakuinua mkono.

Kwenye basi ya kurudi walikuwa wamebanana, binti amelala kwenye bega la mama na daftari mapajani. Walipopita daraja mama huyo alimuuliza mzee, kwa sauti ya chini, kwa nini hakuuliza.

“Batoto walikuwa wanasikiliza,” alisema. Akanyamaza mpaka soko la Kenya, pale basi linaposimama na wauzaji wa mikate wanaingiza mikono madirishani.

“Sasa, mtu mmoja peke yake na yule kijana wa kuelezea,” aliuliza, “wanaomba ngapi?”